Tulisubu Uchakavu kwa Usahihi: Kisa cha Impela ya Shaba, Malindi

Impela tatu, yaani magurudumu ya ndani ya pampu ya maji, zilitoka kwenye moto wetu. Ya kwanza ilitoka na mapezi ya shaba yaliyochomoza kila upande kama samaki, tukaicheka na kuirudisha chunguni. Ya tatu ndiyo inayofanya kazi mpaka leo. Kisa chenyewe ni cha ile ya pili, kwa sababu ilitoka nzuri: haina tundu, haina ufa, mabawa yake matano yamejaa hadi ncha, na uso wake laini kiasi kwamba mkwaruzo wa tupa uliokuwa kwenye impela kongwe ulionekana vilevile kwenye nakala. Tuliipiga picha. Mwenye kiwanda akawatumia jamaa zake. Tukaifunga kwenye pampu, tukawasha mota, na sindano ya geji ya shinikizo ikapanda hadi baa 1.1 ikaganda hapo.

Ilitakiwa 1.8.

Pampu hiyo ni ya kiwanda kidogo cha barafu upande wa Malindi, hii ya Unguja, jina lake naliacha. Wateja ni wenye mashua za uvuvi na wachuuzi wa samaki, na barafu isipokuwepo alfajiri, samaki huanza kushuka bei kabla jua halijapanda. Mtambo wa barafu unapozwa kwa maji ya bahari, na kazi ya pampu ni kuyavuta maji hayo na kuyasukuma kwenye kondensa, pale mtambo unapotolea joto lake. Impela ni lile gurudumu la ndani linalozunguka. Hii yetu ilikuwa ya aina iliyofungwa, yaani mabamba mawili ya duara, moja nyuma na moja mbele, na katikati yao mabawa yaliyopinda. Maji huingia kwenye jicho lililo katikati ya bamba la mbele, hupita kwenye njia baina ya mabawa, na kutokea ukingoni. Ya kiwandani ilikuwa imekwisha: mabawa yameliwa upande wa kuingilia, na bamba la mbele lina ufa.

Pampu ni ya zamani na aliyeitengeneza hauzi tena vipuri vyake. Kuagiza pampu nzima maana yake ni wiki kadhaa za kungoja meli, na msingi na mabomba yote kubadilishwa. Kwa hiyo mwenye kiwanda akaja karakanani kwangu Saateni na impela yake imefungwa kwenye gazeti, akaiweka juu ya meza ya mashine yangu ya kukereza. "Fundi, hii nitengenezee nyengine kama hii hii."

Maneno hayo, "kama hii hii", yakumbukwe.

Kwa nini nta

Unguja tunao mafundi wa kusubu kwa mchanga, yaani kumimina metali iliyoyeyuka kwenye kalibu ya mchanga, hodari, wanaotoa masufuria na vipande vya alumini kila siku. Wazo la kwanza lilikuwa kwenda kwao. Tatizo la impela iliyofungwa ni kwamba sehemu inayofanya kazi imo ndani, pale kati ya mabamba, ambapo kisu cha mashine hakifiki wala tupa haipiti. Unavyoisubu ndivyo inavyobaki. Ukitumia mchanga lazima utengeneze kiini cha mchanga chenye umbo la njia za maji, na kuta za njia hizo hutoka na chembe chembe za mchanga. Kwa sufuria si neno. Kwa njia ya maji yenye upana wa milimita 8, inayozunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, ukali huo unakula nguvu ya pampu kila sekunde.

Njia ya nta hufanya kinyume. Unaunda kitu chako kwa nta, na kila pembe ya ndani na ya nje ikiwemo. Unakizungushia plasta au udongo maalumu wa majimaji. Ukishakauka unauchoma, nta inayeyuka na kutoka, na nafasi iliyoachwa ndiyo kalibu. Hakuna kufungua kalibu vipande viwili, kwa hiyo hakuna mstari wa kiungo, na umbo lolote ambalo mkono unaweza kuliunda kwa nta linaweza kuwa shaba. Njia hii ni ya kale mno. Vitu vya Igbo-Ukwu kule Nigeria vilisubiwa hivyo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kuingia kwake kwenye vipimo vya usahihi kunahusishwa sana na daktari wa meno wa Marekani, William Taggart, aliyeitangaza mwaka 1907 kwa ajili ya kujazia meno kwa dhahabu. Baada ya hapo ikaja Vita ya Pili ya Dunia na mabawa ya injini za ndege. Viwanda vya leo hutarajia kukosea si zaidi ya kama milimita 0.1 hadi 0.15 kwa kila milimita 25, wakati mchanga wa kawaida hukosea mara kadhaa ya hapo.

Kwetu mwenye ujuzi huo ni sonara. Nilimwendea mzee mmoja wa Mji Mkongwe ambaye amesubu pete na vikuku tangu ujana wake. Aliishika impela, akaipima uzito kwa mkono, akasema, "Mwanangu, mimi kubwa niliyowahi kusubu ni bangili. Lakini moto ni ule ule." Akakubali kuja, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayeamua lini metali imiminwe. Nilimkubalia haraka. Ningekuwa na akili ningemwomba aamue na mengine.

Mwenye kiwanda alikuwa na ombi jengine, kwamba tumsubie kwa stenlesi, isile kutu abadan. Hapo jibu lilikuwa hapana, na sababu yake ndiyo iliyoamua karibu kila kitu kilichofuata. Viwanda vikubwa hutumia ganda la udongo wa moto: nta huchovywa kwenye mkorogo, ikanyunyiziwa chembe, ikaachwa ikauke, ikachovywa tena, tabaka 5 mpaka 9, na kila tabaka huhitaji saa nyingi za kukauka kwenye chumba ambacho joto na unyevu wake vinadhibitiwa. Jaribu hilo Unguja wakati wa masika, ambapo hata chumvi kwenye kikopo inageuka tope. Sisi tungetumia plasta ya masonara, yaani jasi iliyochanganywa na unga wa silika. Hiyo haigandi kwa kukauka. Inaganda kwa kuyanywa maji yake yenyewe, na unyevu wa hewa hauizuii. Ila jasi haivumilii moto mkali: huvunjika na kutoa gesi ya salfa, na stenlesi inataka nyuzi zaidi ya 1,400 ili iyeyuke. Plasta inafaa dhahabu, fedha, alumini na jamii ya shaba. Basi ikawa shaba.

Lakini shaba gani? Kilicho rahisi kupata ni mabomba na mifereji chakavu ya shaba ya njano, ambayo ni shaba na zinki. Kwenye maji ya bahari shaba hiyo ya kawaida hufanyiwa hila: chumvi hunyofoa zinki na kuacha shaba tupu, ya rangi ya waridi, laini kama biskuti iliyolowa. Kwa macho kifaa kiko pale pale, ukikigonga kinavunjika. Tukaagiza vinoo vya mchanganyiko unaojulikana, shaba 85, bati 5, zinki 5, risasi 5, unaotumika kwa valvu na pampu za baharini. Tulilipa zaidi, na katika kisa kizima ni uamuzi pekee ambao hakuna aliyeujutia.

Namna tulivyotengeneza nta

Hapa naomba niende polepole, maana ndipo tulipopotelea bila kujua.

Impela iliyofungwa huwezi kuitolea kalibu ya nta kwa pande mbili ukaichomoa, kwa kuwa mabawa yanaizuia. Lazima nta iundwe vipande viwili: bamba la nyuma pamoja na mabawa, na bamba la mbele peke yake, kisha viunganishwe kwa kisu cha moto. Ili kupata vipande hivyo niliifunga impela kongwe kwenye mashine nikaikata, nikilitenga bamba la mbele. Kisu cha kukatia kilikuwa na upana wa milimita 2.5. Kila nusu tukaitolea kalibu ya plasta ya kawaida. Kalibu hiyo ukiiloweka maji kabla ya kumimina nta, nta haishiki.

Nta yetu ilikuwa sehemu mbili za parafini kwa sehemu moja ya nta ya nyuki kutoka Pemba. Parafini peke yake hukatika kama chaki. Nta ya nyuki huipa unyumbufu. Ubaya wake ni kwamba nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 tu na huanza kulegea mapema zaidi, hivyo saa saba mchana chini ya bati la Saateni mabawa yalianza kuinama kama majani ya mgomba. Tukahamishia kazi ya nta alfajiri, na vipande tukavilaza juu ya kioo ndani ya sanduku la samaki lenye barafu pembeni. Barafu ya kiwanda kile kile, nadhani ndiyo sehemu ya malipo niliyoifaidi kuliko zote.

Nta ikishaungwa tukaipandikiza kwenye shina la kumiminia, tukaipa vijia vinne vya pumzi ili hewa itoke, tukaipima: gramu 190. Kanuni ya sonara ni uzito wa nta mara 9 kwa shaba ya aina yetu, kwa hiyo kilo 1.7, tukaongeza akiba.

Plasta: kwa kila gramu 100 za unga, gramu 40 za maji, kwa mizani wala si kwa kikombe. Una kama dakika 9 tangu unga uguse maji mpaka uanze kuganda, na ndani ya dakika hizo lazima mapovu yatolewe, la sivyo kila povu linaloganda kwenye bawa litakuwa kipele cha shaba. Masonara wana mashine ndogo ya kunyonya hewa, lakini ndoo yetu haikuingia. Tukaazima pampu ya vakamu ya fundi wa friji. Plasta ilichemka kama uji, ikafura, ikatulia. Mzee akacheka, akasema miaka yote hiyo hakujua kwamba mafundi wa eyakondisheni wanayo dawa yake.

Impela ya kwanza

Hii nitaipita haraka. Tulitumia tanuri la umeme tuliloliazima kwa mtengenezaji wa vyungu. Ratiba ni kuupandisha moto kwa ngazi: kwenye nyuzi 150 nta idondoke, kwenye 370 mabaki yaungue, kisha karibu 730 saa kadhaa mpaka plasta iwe nyeupe kabisa bila kivuli cha masizi. Umeme ulikatika tukiwa karibu na 400. Ulirudi baada ya saa tatu, tukawasha tena kana kwamba hapajatokea kitu.

Silika iliyomo kwenye plasta hubadilika umbo ikipashwa joto, aina moja kati ya nyuzi 200 na 300, nyengine kwenye 573, na kila badiliko ni kutanuka kwa ghafla. Ikipoa hujinywea, ikipashwa tena hutanuka tena, na kwa mara ya pili ile jasi iliyoishikilia imeshadhoofika. Bonge la plasta lilipasuka ndani bila sisi kuona. Shaba ikaingia kwenye nyufa zote, ndiyo yale mapezi.

Mtu wa Unguja hana udhuru wa kushangazwa na umeme. Tunaletewa kwa waya uliopita chini ya bahari mpaka Fumba, na anayekumbuka mwaka 2008, tulipokaa takriban mwezi mzima gizani, kisha tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, angejua kazi ya moto wa saa kumi na mbili mfululizo haikabidhiwi kwa waya peke yake. Tukajenga tanuri la matofali la mkaa wa vifuu, lenye feni ndogo ya betri na kipimajoto cha waya. Moto wa vifuu ni mkali na mtulivu, na hautegemei mtu.

Impela ya pili, na wiki ya lawama

Kila kitu kilikwenda sawa. Plasta ilitoka nyeupe. Mzee alisimama kwenye chungu, akasubiri hadi kipimo kilisoma karibu nyuzi 1,150, akatia gramu chache za shaba yenye fosforasi kuondoa oksijeni, akakorogea kwa kijiti cha grafiti na kusema "Bismillahi". Tulikuwa uwanjani, upande upepo unakotoka, kwa kuwa moshi mweupe wa zinki huleta homa ya usiku na huu ulikuwa na risasi pia. Bonge lilipopoa kiasi tukalitumbukiza kwenye pipa la maji, plasta ikalipuka na kumomonyoka yenyewe. Hilo si mbwembwe, kwani kuivunja ikiwa kavu hutoa vumbi la silika, na vumbi hilo likishaingia mapafuni halitoki.

Nimekwisha kusema ilivyotoka. Na nimekwisha kusema geji ilisoma nini.

Wiki iliyofuata kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Mwenye kiwanda aliilaumu shaba, kwamba laiti ingekuwa stenlesi. Fundi wake wa mitambo aliilaumu mota. Mimi, nasema kwa aibu, nilimlaumu mzee moyoni. Nilidhani metali imesinyaa kupita kiasi kwa kuwa aliimimina ya moto mno. Nikaipima kipenyo cha nje: 117.0. Impela kongwe ilikuwa 119.6. Kusinyaa kwa asilimia 2.2, nta na shaba kwa pamoja. Nikasema nimempata mwizi.

Mzee alipoambiwa hakukasirika. Aliuliza tu, "Milimita mbili na nusu hizo ndizo zilizokunywa shinikizo lote hilo?" Swali zuri. Shinikizo la pampu ya namna hii hufuata mraba wa kipenyo. Gawa 117 kwa 119.6, zidisha kwa yenyewe, unapata 0.96. Asilimia 96 ya 1.8 ni kama 1.7. Kusinyaa kungetushusha hadi 1.7, na sisi tuko 1.1. Mwizi wangu alikuwa ameiba kuku mmoja, na banda zima lilikuwa tupu.

Ilibidi kurudi kwenye nta.

Kijana wangu wa karakana, siku ile kabla sijaikata impela kongwe, aliipiga picha kwa simu na vernia ya kupimia ikiwa imebana mdomo wa njia ya maji. Aliipiga kwa ajili ya kuwaonyesha wenzake wa chuo. Kwenye picha namba zinasomeka: 8.1. Nikapima impela mpya mahali pale pale: 5.5. Nikakaa chini. Kisu changu cha kukatia, chenye upana wa milimita 2.5, kilikuwa kimepita kwenye vichwa vya mabawa, na chote kilichotafunwa na kisu kilitoka kwenye urefu wa bawa. Tulipounganisha nta mbili tuliliketisha bamba la mbele juu ya mabawa yaliyokwisha kupunguzwa. Theluthi nzima ya mlango wa maji tuliufunga sisi wenyewe, siku ya kwanza, kabla hata ya kununua plasta.

La tatu lilikuwa limejificha zaidi. Bamba la mbele lina shingo inayozunguka ndani ya pete iliyoketi kwenye nyumba ya pampu. Baina ya shingo na pete panatakiwa pabaki nafasi ndogo, kwa ukubwa huu kama milimita 0.3 kwa kipenyo, ili maji yaliyokwisha kusukumwa yasirudi nyuma kwenye jicho. Shingo ya impela kongwe ilikuwa 51.1. Nakala ilikuwa 50.0. Pete kwenye pampu, nilipoifungua kuipima, ilikuwa 52.8. Nafasi ya milimita 2.8. Piga hesabu ya eneo la ule mwanya wa duara: ungekuwa kama milimita za mraba 25, sasa ni kama 225. Mara tisa. Pampu ilikuwa inasukuma maji na kuyanywa yenyewe.

Na hiyo 51.1 yenyewe ilitoka wapi? Ni uchakavu wa miaka. Shingo ilipotoka kiwandani ilikuwa nene kuliko hapo, mchanga wa bahari ukaisugua kidogo kidogo. Tulipoambiwa "kama hii hii" tukaichukua impela iliyokwisha kufa, tukaikabidhi kwa njia ya kusubu iliyo aminifu kuliko zote, nayo ikatupa maiti ile ile, imesafishwa vizuri. Fundi wa mchanga asingefika huko. Mchanga wake ungemlazimisha aache nyama nyingi na kukereza, na katika kukereza angejiuliza kipimo sahihi ni kipi. Ni ule uzuri wa nta uliotufanya tusiulize.

Kutafuta 52

Hatukuwa na mchoro wa kiwandani. Kipimo cha asili cha shingo tulikipata hivi: mahali shingo inapokutana na bamba, kuna ukanda mwembamba wa milimita mbili hivi ambao pete haiufikii. Haukusuguliwa kamwe. Chini ya mwanga wa jua, baada ya kuusafisha kwa siki, ulionekana bado una mistari myembamba ya mashine ya aliyeutengeneza. Kipimo: 52.0, ukizungusha mahali popote. Sijawahi kufurahia namba kiasi hicho.

Kipenyo cha nje hatukuwa na ushahidi wa namna hiyo. Tulichagua 120.0 kwa kuwa 119.6 haiko mbali na ukingo haukuonyesha kulika sana. Ni dhana, na naiandika kama dhana.

Ya tatu, basi. Hatukuipanua impela nzima kwa asilimia 2.2, huwezi kuivuta shaba kama unga wa chapati, na wala haihitajiki, kwa sababu bawa likipungua asilimia mbili kwa urefu wake pampu haihisi. Tuliongeza nyama pale tu penye maana, juu ya vipande vile vile vya impela kongwe, kwa bodifila ya mafundi wa magari, tukaipiga msasa. Vichwa vya mabawa tuliviinua kwa milimita 2.7 vifikie 8.3, ili baada ya kusinyaa vibaki 8.1. Ncha za kuingilia zilizoliwa na maji tukazijenga upya kwa jicho, tukilinganisha bawa na bawa. Ukingo wa nje ukapanda hadi 124 na shingo hadi 55, vyote viwili kwa makusudi ya kukerezwa baadaye. Tundu la shafti hatukulisubu kabisa. Tuliliacha limeziba tulitoboe kwenye mashine, kwa sababu tundu lililosubiwa linaweza kukaa upande na impela yote ikacheza.

Kalibu mpya za plasta, nta alfajiri, vakamu ya fundi friji, moto wa vifuu usiku kucha kwa zamu. Mzee akaja na thermos yake ya chai ya mkandaa. Hakusema lolote kuhusu wiki ile ya lawama, nami nilimwomba radhi kwa njia ya kumshikia kiti.

Ilitoka na vipele viwili kwenye bamba la nyuma, vya mapovu tuliyoyakosa. Kwa sura haikuifikia ile ya pili. Niliikereza shingo hadi 52.0, nikatengeneza pete mpya ya shaba yenye tundu la 52.3, nikapunguza ukingo hadi 120.0. Kisha tukaipachika kwenye shafti fupi na kuilaza juu ya visu viwili vilivyosawazishwa kwa pimamaji. Upande mzito ulishuka wenyewe. Nikapunguza hapo kwa tupa, ikashuka tena kidogo, nikapunguza, mpaka ikawa inasimama popote unapoiacha. Hilo la kusawazisha ile ya pili nayo tulilifanya. Silitaji kama jambo jipya, ila nimeona watu wanaliruka halafu wanalia na beringi.

Geji: 1.8 kasoro kidogo. Fundi wa mitambo aliigonga kwa kidole, akaamini.

Tuliifungua baada ya miezi sita kuangalia. Shingo 51.9. Rangi ya shaba ilikuwa imegeuka kahawia ya kawaida, hakuna waridi mahali popote. Pete ilikuwa na mikwaruzo miwili ya mchanga. Chujio la kuvutia maji lilikuwa limetoboka, na hilo ndilo nililomlalamikia mwenye kiwanda kuliko yote.

Ile impela ya pili hatukuiyeyusha. Imetundikwa ukutani karakanani, na wageni wakiingia huwa wanaiuliza hiyo. Vipande vya impela kongwe vilivyojengwa kwa bodifila viko kwenye kopo la maziwa juu ya rafu, na kijana ameandika kwa penseli kwenye mfuniko: 8.3, 55, 124. Chini yake ameongeza, kwa herufi kubwa, PIGA PICHA KABLA YA KUKATA.

Juzi amekuja mtu wa Wete na gia ndogo ya shaba iliyokatika meno matatu. Nilimuuliza swali la kwanza kama meno yaliyobaki yote yamelika sawasawa, akaniangalia kama nimechanganyikiwa.